Maji ya Kusimuliwa

Ukiingia dukani kwa Idrisa Kassimu ukasema nipe mshipi wa kuvulia, hakupi. Atakusogezea kigoda, atavua miwani na kuifuta kwa pindo la kanzu, halafu ataanza kukuuliza. Maji yenyewe ni ya wapi? Yana nyasi au yako wazi? Chini ni tope au mchanga? Jioni upepo unatokea upande gani? Utasimama juu ya tuta au utaingia mpaka magotini? Wenye haraka huondoka kabla ya swali la tatu, wakajinunulie nailoni kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Wenye subira hubaki. Kwa miaka thelathini na tisa Idrisa ameishi kwa wale wanaobaki.

Duka liko nyuma ya soko la Tabora, chumba chembamba ambacho mtu wa tatu akitaka kuingia, wa kwanza lazima atoke. Zamani kilikuwa karakana ya baba yake, fundi viatu, na kabla yake ya babu yake, na ukizidi kurudi nyuma unamfikia mtu aliyewashonea makubadhi wapagazi waliopita hapa wakielekea Ujiji. Ukoo mzima ulishona kwa uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, maana uzi wa namna hiyo hauozi upesi kwa maji wala kwa jasho. Wavuvi wa mabwawa ndio waliogundua jambo la pili, kwamba uzi huo ukitupwa majini unaelea. Wakawa wanamjia fundi viatu kununua uzi peke yake. Viatu vya plastiki vilipojaa mjini, viatu vya ngozi vikakosa wateja, uzi ukabaki ndio kazi.

Ukutani kuna misumari mitatu. Kwenye wa kwanza unaning'inia mshipi wa nta, wenye rangi ya asali, unaokaa juu ya maji na kuiacha ndoana ielekee chini shubiri mbili tu. Huo ni wa kwenye nyasi, mahali perege wanapokula karibu na uso wa maji na mshipi wa kuzama ungenasa kila unapotupwa. Wa pili ni wa nailoni, unaozama polepole, wa maji ya wazi. Wa tatu ni mnene, wa uzi uliosukwa na kuchemshwa na magome ya mninga mpaka ukawa mwekundu wa kukaribia weusi, nao huenda chini moja kwa moja kwenye tope la kambale. Kumchagulia mtu ule unaomfaa ndiyo kazi ambayo Idrisa aliijua kuliko mtu mwingine yeyote mjini.

Naye alikuwa hajawahi kuvua samaki hata mmoja.

Ilianza kwa jambo dogo. Mwaka ule baba yake alipofariki, Idrisa akiwa na miaka ishirini na miwili, mzee mmoja wa Itetemia aliyekuja kununua uzi alimuuliza yeye mwenyewe anavulia wapi. Idrisa aliona aibu kusema kwamba anauza kitu asichokitumia. Akajibu, bwawa la Igombe, upande wa tuta. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akalipa, akaenda zake. Baada ya hapo wateja wakaanza kumwalika. Jumapili twende wote, Idrisa. Naye akawa na udhuru kila mara: duka, homa, mama anaumwa, Ramadhani imekaribia. Kwenda angependa sana. Lakini wangemwona hajui hata kutupa, na uongo wa siku moja ungekuwa uongo wa miaka miwili, kisha mitano, kisha ishirini. Alipofika umri wa miaka thelathini aliamka alfajiri moja, akaendesha baiskeli mpaka Igombe ajifunze peke yake. Alikuta wateja wake wanne wamesimama tutani wakampungia mkono. Aliwaambia amekuja kumtafuta mtu, akageuza baiskeli.

Mwishowe mialiko ikakoma. Mkewe alikuwa amerudi kwao Ujiji zamani, bila ugomvi mkubwa na bila mtoto. Idrisa akabaki na chumba cha nyuma katika nyumba ya urithi huko Chemchem, vyumba vya mbele vikiwa na wapangaji waliomsalimia vizuri na kufunga milango yao.

Alichokuwa nacho ni maji ya watu wengine. Kila bwawa na kila lambo kutoka Urambo mpaka Igunga alilijua kwa sauti ya mtu aliyemsimulia. Igombe aliisikia kwa sauti nzito ya yule mzee wa Itetemia. Lambo la Igulya, upande wa Puge, alilisikia kwa sauti ya Ngollo.

Ngollo alikuwa mkulima wa huko, mrefu, mwenye kikohozi cha tumbaku, aliyekuja mjini kila baada ya miezi miwili kufuata dawa za mifugo. Dawa zikishapatikana alikaa kwenye kigoda mpaka adhuhuri. Hakuna aliyesimulia kama yeye. Alieleza nyasi za Igulya zinavyofika kifuani, mkuyu ulioangukia majini upande wa mashariki na perege wanavyojificha katika matawi yake, na kipande cha mchanga wanapochotea maji akina mama. Alieleza taratibu, akirudia, akichora kwa kidole kwenye vumbi la kaunta, mpaka Idrisa akaona angeweza kutembea pale akiwa amefumba macho. Wateja wengine walisimulia ili wasifiwe. Ngollo alisimulia kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya nyumbani kwake.

Muda ulipita Ngollo hakuonekana. Idrisa alijiambia siku moja atakuja. Wateja wengine nao walipungua, mmoja mmoja, wala hakuna anayeaga duka la nyuzi. Siku nyingine alifunga bila kuzungumza na mtu isipokuwa Godbless, fundi simu wa mlango wa pili, ambaye alimtania kwa desturi tu, kama mtu anavyomrushia kuku punje.

Mwezi wa sita, Jumamosi moja asubuhi, aliingia mwanamke wa makamo mwenye miwani na kikapu cha mboga. Alimpa shikamoo, akaketi kabla hajaambiwa. Akajitambulisha kuwa ni Mwalimu Advera, anafundisha baiolojia kwenye sekondari ya huko karibu na Puge, amehamishiwa mwezi wa kwanza, na anataka mshipi.

Idrisa akafuta miwani, akaanza maswali yake. Mwalimu aliyajibu bila papara, ila mengi alisema hajui, lambo lenyewe huliona kwa mbali tu akitoka shuleni. Aliposikia kuwa ni lambo la Igulya, Idrisa alihisi kifua kikimfunguka. Akamwambia asihangaike, yeye analijua. Akamweleza nyasi, mkuyu, mchanga, upepo wa jioni. Mwalimu alitoa kalamu akaandika. Akaondoka na mshipi wa nta pima kumi na mbili.

Kabla hajatoka alisema amezaliwa kando ya ziwa Ikimba kule Bukoba, na baba yake alimfundisha mshipi tangu akiwa mdogo. Nyumba ya walimu aliyopewa ina vyumba vitatu, naye anatumia kimoja. Alitaka kitu cha kufanya jioni.

Alirudi baada ya wiki tatu. Hajapata kitu. Mshipi, alisema, unakaa juu ya maji kama jani na ndoana hakuna anayeigusa. Idrisa akamwambia atupe karibu na mkuyu. Mwalimu akasema mkuyu hajauona. Utauona, Idrisa akamhakikishia, upande wa mashariki, labda alisimama vibaya. Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akakubali kwamba huenda. Mazungumzo yakahamia Ikimba, na jinsi baba yake alivyokuwa akivua asubuhi kabla jua halijagusa maji, na kwa nini maji ya baridi humpeleka samaki chini. Idrisa aliagiza kahawa mbili. Jioni alipokuwa anafunga duka aligundua koo lake limekauka, akakumbuka kwamba alikuwa amezungumza karibu saa nzima.

Tangu siku hiyo akawa anaingoja Jumamosi. Hakujiambia hivyo, lakini Ijumaa alifagia, na alinunua kigoda cha pili.

Mwalimu alikuja tena mara mbili, mikono mitupu. Mara zote mbili Idrisa alitetea mshipi wake, na mara zote mbili alimwona mwalimu anakubali kwa adabu zaidi na kwa imani inayozidi kupungua. Mwanzoni mwa mwezi wa nane alikuja na kamba iliyofungwa jiwe, yenye fundo kwa kila pima, akaiweka kwenye kaunta.

"Mzee Idrisa, nimepima," alisema. "Nimekodi mtumbwi wa yule anayevusha majani ya ng'ombe. Katikati ni pima tatu na zaidi. Ukingoni mwa tuta, pima mbili. Nyasi hakuna. Na mkuyu hakuna."

"Labda ulikwenda lambo jingine, mwalimu."

"Igulya ni moja tu, mzee. Nalipita kila siku."

Godbless alikuwa amesimama mlangoni na simu ya mtu mkononi. "Mwalimu, huyu mzee anayajua maji yote ya mkoa huu," alisema. "Shida ni kwamba maji yenyewe hayamjui."

Ulikuwa utani tu. Godbless alikuwa hajapata kumwona Idrisa akitoka zaidi ya msikitini na kwa mama lishe, basi. Hata hivyo ulimchoma Idrisa. Mwalimu hakucheka. Alisema, basi Jumamosi ijayo mzee aje mwenyewe, wasimame wote pale pale, amwonyeshe. Hakuisema kama mtu anayetega mtego. Aliisema kama mtu aliyechoka kusimama ukingoni peke yake.

Udhuru wote alikuwa nao, ule ule wa siku zote, umepangwa. Duka. Magoti. Mgeni kutoka Ujiji. Lakini alijua kwamba akiutoa mmoja, mwalimu ataondoka na kamba yake ya mafundo, na hakuna kitu kitakachomrudisha kwa mtu anayeuza uzi unaoelea bure. Vigoda viwili vitabaki vinatazamana.

"Inshallah," alisema.

"Hiyo inshallah ni ya kwenda au ya kutokwenda?" Godbless akauliza.

"Ya kwenda. Na wewe ushughulike na simu za watu."

Juma lile hakulala vizuri. Kila alfajiri baada ya sala alitoka uani Chemchem na mshipi uliofungwa kifungo cha koti badala ya ndoana, akajaribu kutupa. Kifungo kilianguka miguuni pake, kikagonga bomba, na mara moja kikanasa kwenye shuka la mpangaji lililoanikwa. Mpangaji mwenyewe alifungua dirisha, akamwuliza mzee kulikoni. Idrisa akajibu anaujaribu uzi kama una nguvu. Dirisha likafungwa.

Jumamosi alipanda basi la kwanza la kwenda Nzega, lipitalo Puge, na mishipi yote mitatu ndani ya mfuko. Mwalimu Advera alimpokea njia panda akiwa amevaa kofia ya majani na viatu vya mvua, wakachukua pikipiki mbili kupita mashamba yaliyovunwa. Idrisa alishika kofia yake njia nzima. Alikuwa akiomba, bila kujua anaomba nini hasa: kwamba mkuyu uwepo, au kwamba tairi lipasuke.

Lambo lilitokea ghafla nyuma ya tuta. Lilikuwa pana kuliko alivyowahi kulifikiri, la rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake zilikwenda chini wima, zikiwa bado na alama za meno ya mashine. Hapakuwa na nyasi. Hapakuwa na mti wowote ulioanguka wala uliosimama. Alisimama akitafuta kipande cha mchanga, kana kwamba kikipatikana hicho, vingine navyo vitajitokeza.

Mtu mmoja alikuwa akinywesha ng'ombe. Idrisa alimwendea, akamwuliza mkuyu ulikwenda wapi. Yule mtu akasema katapila lilikuja miaka minne iliyopita, likachimba miezi miwili, mkuyu ukakatwa kuni. Idrisa akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama Ngollo yupo.

"Ngollo yupi? Yule mume wa Kabula? Tulimzika. Huu mwaka wa sita."

Alisema bila ukali, akaelekeza kwa fimbo nyumba ya bati iliyokuwa upande wa pili wa shamba la mpunga. Idrisa alibaki ameitazama fimbo ile hata baada ya kushushwa. Miaka sita. Kwa miaka sita alikuwa akiwauzia watu mishipi kwa maneno ya marehemu, naye akisema moyoni, siku moja atakuja. Mwalimu ndiye aliyesema kwamba kwanza wakatoe pole.

Kabula, mjane wa Ngollo, alikuwa amekaa barazani akichambua dengu. Mwangaluka, aliwaamkia kwa Kinyamwezi, naye Idrisa akaitikia vivyo hivyo, akakaa kwenye benchi aliloonyeshwa. Alimpa pole aliyochelewa kuitoa, akajitaja jina. Yule mama aliuacha ungo.

"Wewe ndiye Idrisa wa uzi?" Akamtazama vizuri, kisha uso ukamlegea kwa furaha. "Shemeji, umekuja. Alikuwa akirudi kutoka Tabora anakaa hapo hapo ulipokaa. Ananiambia, leo nimemweleza Igulya lote, mpaka mkuyu. Mimi namwambia, si umlete tu auone kwa macho? Anasema hapana. Yule bwana hajawahi kuvua, na mwenyewe anaficha. Nikimwalika nitamwaibisha, na mimi nampenda. Basi acha nimweleze vizuri, aone kwa masikio."

Idrisa alisikia nzi wakilia juu ya ungo. "Alijuaje?" aliuliza.

"Vidole, shemeji. Alisema mtu wa mshipi ana mfereji hapa." Alijigusa pingili ya kidole cha shahada. "Wewe una matundu ya sindano na nta kwenye kucha. Alijua siku ya kwanza."

Siku ya kwanza. Miaka kumi na minane ya safari zile za kufuata dawa, kikohozi kile cha tumbaku, kidole kile kwenye vumbi la kaunta, na wote wawili walikuwa wanatunza siri moja, kila mmoja upande wake, kwa heshima. Kama Ngollo angetamka neno moja la kebehi, Idrisa angekasirika wiki mbili, kisha angepanda basi. Angeuona mkuyu. Angesimama juu ya tuta karibu na yule mtu mrefu. Wote wawili walikuwa na adabu mno.

Mwalimu Advera alikuwa ameinama, ameanza kumwuliza Kabula habari za mbuzi, wangapi, wanakula nini kiangazi hiki, na aliuliza kwa sauti iliyopanda kidogo, kama mtu anayepitisha shuka juu ya kitu. Idrisa alielewa. Alikuwa anasitiriwa tena. Mwalimu atajifanya hakusikia. Atakuja dukani Jumamosi mbili tatu zaidi, watazungumza Ikimba na bei za mboga, hatamwalika tena majini ili asimuumbue, na siku moja atahamishwa, na yeye, Idrisa, atakuwa anasema moyoni, siku moja atakuja.

Waliagana na Kabula, aliyewafungia dengu kwenye karatasi. Katikati ya shamba la mpunga, kwenye njia ya mtu mmoja mmoja, Idrisa alisimama, na mwalimu aliyekuwa nyuma yake ikambidi asimame.

"Umesikia alichosema shemeji."

"Nimesikia mengi, mzee. Jua linapanda, twende."

"Nimekudanganya, mwalimu. Hapa sijawahi kufika. Hata Igombe nilifika siku moja, nikarudi na baiskeli yangu. Sijui hata kutupa. Ule mkuyu nilisimuliwa."

Mwalimu alivua kofia, akajipepea. Hakuonekana kushangaa, ila hakuonekana kufurahi pia. "Wiki nane," alisema. "Wiki nane nimetupa uzi wa nta kwenye pima tatu za maji. Watoto wa shule wamenipa jina. Ungesema tu hujui."

"Ningesema, ungekaa?"

Alifikiri. Idrisa alishukuru kwamba alifikiri. "Sijui," alisema. "Pengine ningekwenda kununua nailoni kwa wengine."

"Basi nifundishe kutupa."

Alikuwa hajaomba kitu kwa mtu kwa muda mrefu, na maneno yalitoka makavu, karibu ya kuamuru. Mwalimu akavaa kofia yake, akasema, haya, atangulie.

Ukingoni hakumwambia achukue mshipi upi. Alisimama kando, mikono nyuma, kama anavyosimama darasani, akangoja. Idrisa alitoa yote mitatu, akailaza kwenye majani makavu. Akaanza kujiuliza maswali yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na sauti ya mtu ya kuyajibu. Ikabidi atazame. Upepo ulikuwa unamjia usoni. Maji hayakuonyesha kitu juu, hata kiputo. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaona juu ni vuguvugu na chini kidogo ni baridi. Aliokota jiwe akalitupa, akalisikia linavyomezwa kwa sauti nene. Wa nta aliurudisha mfukoni bila kuutazama. Wa mninga aliushika akauacha. Ungefika kwenye tope na kulala hapo, na asubuhi ya kipupwe kama hii samaki hawako juu wala hawako chini kabisa. Akachukua wa nailoni.

"Kwa nini?" mwalimu aliuliza.

"Kwa sababu unashuka polepole. Nitapita kila mahali kabla ya kufika chini."

"Sawa. Sasa mahali penyewe utapajua kwa kuhesabu. Ukigusa maji, hesabu kumi, vuta. Hakuna kitu, tupa tena, hesabu kumi na tano. Halafu ishirini. Ukigusa tope, umepitiliza."

Akamwonyesha mkono unavyopita pembeni badala ya kupanda juu, na kidole kinavyoachia. Alipotupa yeye, ndoana ilikwenda mbali na kuingia bila kelele. Alipotupa Idrisa, ilianguka hatua mbili mbele ya viatu vyake. Ya pili ikamnasa kwenye mkono wa koti, na mwalimu akaichomoa kwa makini, akinung'unika kuhusu watu wanaokuja kuvua na koti la harusi. Ya saba ilifika majini mahali pa maana.

Baadaye mwalimu alisema mishipi miwili ikikaribiana hivi itasukana, akachukua mwanzi wake wa kuvulia, akazunguka mpaka ng'ambo. Idrisa alimwona akipungua, kofia yake ikawa doa dogo la manjano. Kati yao palikuwa na maji yale ya rangi ya chai, mengi, bila kitu juu yake. Hapakuwa na sauti isipokuwa ng'ombe mmoja mbali. Hakujua kwamba kuvua ni kukaa kimya kiasi hiki. Katika miaka yote ile ya kusimuliwa, hilo hakuna aliyelitaja, labda kwa sababu waliokuja dukani walikuwa wamekuja kuuvunja ukimya huo.

Alitupa, akahesabu kumi. Akatupa, akahesabu kumi na tano. Akatupa, na alipofika kumi na saba uzi ukawa mzito kidogo chini ya kidole, ukalegea, ukawa mzito tena. Akadhani ni upepo. Akadhani amegusa tope, akajilaumu kwamba amepitiliza. Akaendelea kusimama akifikiri, mpaka uzito ule ukatulia wenyewe.

Alipovuta, ndoana ilitoka safi. Mnyoo wa chambo hayupo, ameliwa.

Aliitazama iking'aa, ikidondosha maji juu ya kiatu chake. Ng'ambo, mwalimu alikuwa ameinama kwenye kazi yake na hakuona. Pima moja na nusu hivi, asubuhi, upepo ukitoka kusini, nailoni, hesabu ya kumi na saba: alikuwa na habari ya Igulya ambayo hakuna mtu aliyempa. Ilimjia shauku ya kuisimulia, yote, taratibu, akirudia, kwa mtu mrefu aliyekaa kwenye kigoda na kukohoa. Akainua macho kuelekea nyumba ya bati upande wa pili wa shamba la mpunga, kisha akayashusha.

Akachomeka mnyoo mwingine, vibaya, akijitoboa kidole. Akatupa, akaanza kuhesabu.